Kati ya Kengele na Kengele

Muulize mtoto wa shule ya msingi, anaporudi nyumbani jioni na tope la Tukuyu limemganda miguuni, leo amefundishwa nini. Mara nyingi atakueleza habari za kipindi cha mwisho. Somo la asubuhi, ambalo pengine alilielewa vizuri akanyoosha mkono na kulijibu, litakuwa limefifia, au litatoka limechanganyika na la mchana. "Mjukuu wangu, ulikuwa unacheza tu huko," bibi yake atasema. Mwalimu naye, akisahihisha daftari wiki inayofuata, ataandika kwa wino mwekundu kwamba mtoto aongeze bidii.

Nataka kumtetea mtoto huyu. Alisikiliza, na alielewa. Kilichompata ni jambo lenye kanuni zake, linalochunguzwa kwa zaidi ya miaka 120 sasa: funzo jipya likiingia upesi baada ya funzo ambalo halijatulia, hulidhoofisha lile la kwanza. Tumezoea kudhani kwamba kusahau ni kazi ya muda, kwamba siku zikipita kumbukumbu huchakaa zenyewe. Kumbe sehemu kubwa ya kusahau huletwa na kujifunza kwenyewe. Hili ni jambo zito kwa mtu yeyote anayefundisha, anayelea au anayepanga ratiba, kwa sababu linatuambia kwamba tunaweza kumnyang'anya mtoto elimu kwa mkono uleule tunaompa nao elimu.

Mwaka 1900 wanasaikolojia wawili wa Kijerumani, Georg Elias Müller na mwanafunzi wake Alfons Pilzecker, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Waliwapa watu jozi za silabi zisizo na maana wazikariri, kisha wakawapima. Watu hao wakawaeleza jambo la ajabu: baada ya kukariri, wakiwa wamekaa tu, silabi zile zilikuwa zinawarudia kichwani bila kuitwa. Watafiti wakajiuliza kama kurudi huko ni kazi ambayo akili inaifanya kwa faida yake. Wakapanga majaribio mengine. Mara nyingine mtu alipewa orodha ya pili papo hapo baada ya ile ya kwanza. Mara nyingine aliachiwa nafasi. Orodha ya pili ilipokuja upesi, ya kwanza ilikumbukwa kidogo zaidi. Wakahitimisha kwamba kujifunza hakuishi pale mtu anapofunga kitabu. Huendelea kwa ndani, na katika muda huo kumbukumbu ingali teketeke, rahisi kuharibiwa.

Wakati huo nchi ya Wanyakyusa, ambako ndiko Tukuyu iliko, ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walikuwa wameshaingia tangu 1891, na mji wa Tukuyu wenyewe ulikuja kujulikana serikalini kama Neu-Langenburg. Shule zikaenea, na pamoja na shule ikaja siku iliyokatwa vipande: kusoma, kisha hesabu, kisha kuandika, kimoja nyuma ya kingine. Ugunduzi wa Göttingen haukusafiri pamoja na ratiba. Hadi leo haujafika vizuri.

Kwa nini tuamini kwamba kosa ni la kinachofuata, na si la muda? Jibu zuri kuliko yote ninalolijua limetoka michezoni. Mwaka 1977 Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch waliwauliza wachezaji wa raga majina ya timu walizocheza nazo msimu ule. Wapo waliocheza kila wiki, na wapo waliokosa mechi nyingi kwa majeraha au shughuli. Kwa hiyo mechi ya mwezi uliopita kwa mmoja ilikuwa ya nne kutoka mwisho, na kwa mwingine ilikuwa ndiyo ya mwisho. Kilichoamua kusahau hakikuwa idadi ya siku. Kilikuwa idadi ya mechi zilizoingia katikati.

Mtu wa Tukuyu hana haja ya kwenda Uingereza kuthibitisha hilo. Watu wazima wa mji huu hawahitaji kukumbushwa mwaka 1986, mwaka ambao Tukuyu Stars, Banyambala, walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Miaka inapita, na mwaka ule unasimama palepale. Sasa mwambie kijana anayeshinda kwenye kibanda umiza kila Jumamosi na Jumapili akutajie matokeo ya mechi alizotazama wiki tatu zilizopita. Atayachanganya, atampa mfungaji wa timu hii bao la timu ile, ingawa ana akili safi na alizitazama kwa moyo wote. Mechi zake zimefuatana mno na zinafanana mno. Ubingwa wa 1986 haukufuatwa na ubingwa mwingine wa timu ile, hivyo hakuna kilichokuja kuugombea nafasi. Shabiki wa Simba au Yanga, mwenye makombe mengi ya kukumbuka, ndiye anayelazimika kuhesabu kwa vidole lipi lilikuwa la mwaka gani.

Neno "kufanana" lina uzito hapa. Mwaka 1931 Wamarekani John McGeoch na William McDonald walifundisha watu orodha ya vivumishi, kisha wakabadilisha kilichofuata. Mara nyingine ilikuwa mapumziko ya kusoma vichekesho, mara nyingine kukariri tarakimu, mara nyingine silabi zisizo na maana, mara nyingine vivumishi vingine, mara nyingine maneno yenye maana ya kinyume, na mara nyingine visawe vya maneno yaleyale ya kwanza. Baada ya mapumziko, watu walikumbuka orodha ya kwanza vizuri kuliko wakati wowote. Baada ya tarakimu walipoteza kiasi. Baada ya visawe walipoteza zaidi ya wote. Kadiri jipya linavyofanana na la zamani, ndivyo linavyolimeza.

Mwalimu yeyote wa Hisabati aliyefundisha mzingo leo na eneo kesho anajua kinachotokea keshokutwa. Mtoto aliyekuwa anajumlisha pande za mstatili bila kukosea sasa anazizidisha, na anayetakiwa kuzidisha anajumlisha. Jana alijua. Hakuna aliyemfundisha vibaya. Mafunzo mawili yanayofanana yamewekwa karibu mno, na la pili limefika kabla la kwanza halijapata mahali pake. Ndivyo ilivyo pia katika tarehe za Historia, katika fomula za Fizikia na Kemia zinazopandana mchana mmoja, katika majina ya mito na milima yanayomwagwa ubaoni kwa kipindi kimoja.

Mtoto wa Rungwe, wilaya yenye mji wa Tukuyu, ana mfanano mwingine wa kuubeba. Anaanza maisha kwa Kinyakyusa, jikoni na migombani. Darasani anakutana na Kiswahili, ambacho ni ndugu wa Kinyakyusa, na udugu huo unamsaidia na pia unamkwamisha, kwa sababu mambo yanayokaribiana ndiyo yanayokanyagana. Anakizoea, anasoma shule ya msingi yote kwa Kiswahili, anajua viungo vya mwili, aina za udongo, mzunguko wa maji. Kisha anaingia Kidato cha Kwanza, na mambo yaleyale yanarudi kwa Kiingereza. Kitu ni kimoja, jina ni jipya, na jina jipya linadai kuitikia kila swali. Si ajabu kumkuta kijana wa Kidato cha Pili amesimama kati ya majina mawili: lile la zamani halitoki tena upesi, na lile jipya halijashika. Watu humwona mzito. Mimi namwona amepewa mzigo juu ya mzigo, bila nafasi ya kuutua wa kwanza.

Hata hivyo tusikate tamaa kwa kudhani kwamba kilichofunikwa kimekufa. Mwaka 1971 Endel Tulving na Joseph Psotka waliwafundisha watu orodha za maneno yaliyopangwa kwa makundi, wengine orodha moja, wengine zaidi, hadi sita. Kama ilivyotarajiwa, orodha zilivyoongezeka ndivyo za mwanzo zilivyosahauliwa. Lakini watafiti walipowatajia majina ya makundi, maneno yaliyoonekana kupotea yakarudi, karibu kama vile hakuna orodha nyingine iliyopita juu yake. Kumbukumbu ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya kuifikia.

Hili nalo tunalijua kwa macho yetu. Mnyakyusa aliyekaa Dar es Salaam miaka mingi hushuka stendi ya Tukuyu akiitikia salamu kwa Kiswahili, na akijaribu lugha ya kwao, maneno yanamkwepa. Mwache siku mbili tatu kwa shangazi yake, katika moshi wa jiko na harufu ya ndizi zinazochemka. Kinyakyusa kinaanza kutoka chenyewe, na vitendawili vya utotoni pia. Hakuna aliyemfundisha upya.

Kwa hiyo kuna hatari mbili, na inafaa kuzitenganisha. Moja ni ya baadaye: kumbukumbu imeshajengeka, ila jipya limesimama mlangoni. Hiyo hutibika kwa kidokezo, kwa swali zuri, kwa kurudi mahali. Nyingine ni ya mwanzo, katika dakika na saa za kwanza, kumbukumbu inapokuwa bado inajijenga. Hiyo ndiyo inayoniumiza zaidi, maana kisichojengeka hakina kidokezo cha kukirudisha, na dakika hizo za kwanza ndizo tunazozichezea kila siku.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Machi na Aprili, shule zikiwa wazi, mvua huteremka kutoka upande wa Mlima Rungwe na kupiga mapaa ya bati, na madarasa mengi hayana dari. Sauti ya mwalimu inazama. Anajaribu kupaza, anaacha. Watoto wanakaa. Wengine wanalaza kichwa juu ya dawati, wengine wanatazama nje. Tumezoea kuzihesabu dakika hizo kama hasara, na walimu hukimbizana na muhtasari wa somo ili wazifidie.

Mwaka 2012 Michaela Dewar na wenzake wa Edinburgh walichapisha jaribio linalonifanya nizitazame dakika hizo kwa namna nyingine. Waliwasomea wazee hadithi fupi. Baada ya hadithi moja, wazee walikaa katika chumba chenye giza kwa dakika 10, bila kufanya lolote. Baada ya nyingine, walipewa mchezo wa kompyuta wa kulinganisha picha. Mchezo ule haukuwa na uhusiano wowote na hadithi, na wala haukuwa mgumu. Siku 7 baadaye wazee waliikumbuka vizuri zaidi ile hadithi iliyofuatwa na mapumziko. Dakika 10 tu za kuachwa, na tofauti ikaonekana baada ya wiki nzima.

Sisemi kwamba darasa lenye mvua ni maabara. Kelele ya bati si kimya cha chumba chenye giza, na mtoto aliyelowa na kuona baridi hapumziki. Ninachosema ni kwamba pale mvua inapomnyamazisha mwalimu, huenda inawapa watoto kile ambacho ratiba imewanyima: nafasi ambayo hakuna jipya linaloingia. Mwalimu anayetumia nafasi hiyo kuandika ubaoni kichwa cha somo linalofuata, ili watoto wanakili, anaifunga njia ambayo mvua ilikuwa imeifungua.

Nafasi kubwa kuliko zote ni usingizi. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, John Jenkins na Karl Dallenbach waliwafundisha wanafunzi wawili orodha za silabi, kisha wakawapima baada ya saa 1, 2, 4 na 8. Mara nyingine saa hizo zilipita wakiwa wamelala, mara nyingine wakiwa macho katika shughuli za kawaida. Saa zilikuwa zilezile, lakini baada ya usingizi walikumbuka zaidi, na kwa wingi. Watafiti wakasema kusahau si suala la mambo ya zamani kuoza. Ni suala la mapya kuyaingilia. Miaka 70 baadaye, 1994, Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kitu ambacho Müller angefurahi kukiona. Walirekodi seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayopokea kumbukumbu mpya, katika panya waliokuwa wanatembea mchana. Seli zilizofanya kazi pamoja panya alipokuwa anatembea zilifanya kazi pamoja tena alipokuwa amelala. Kile ambacho watu wa Göttingen walikisema kwa maneno, kwamba funzo hurudi lenyewe bila kuitwa, sasa kilionekana katika seli.

Nazitaja habari hizi nikiwa na kambi za kitaaluma akilini. Mtihani wa darasa la saba au wa kidato cha nne ukikaribia, watoto hukusanywa, husoma tangu alfajiri hadi usiku mwingi, mada juu ya mada, maswali ya miaka iliyopita juu ya maswali ya miaka iliyopita. Nia ni njema. Wazazi hutoa mahindi na maharage, walimu hujinyima familia zao. Kinachokatwa ili kupata muda huo ni usingizi, na usingizi ndio unaofanya kazi ya kulishika somo. Mtoto aliyelala kwa muda wa saa nne tu baada ya kusoma sura tatu yuko hatarini kubeba kidogo kuliko aliyesoma sura moja na nusu akalala hadi kukucha. Tunamwaga maji katika ndoo iliyojaa na kuyahesabu yote kuwa ya mtoto.

Wala hili si la vitabu peke yake. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani, Thomas Brashers-Krug, Reza Shadmehr na Emilio Bizzi, waliwafundisha watu kuusogeza mkono wa mashine uliokuwa ukiwasukuma upande mmoja. Walipozoea, wakapewa msukumo wa upande mwingine. Waliopewa wa pili papo hapo waliupoteza ustadi wa kwanza. Waliosubiri saa 4 hawakuupoteza. Mkono nao una kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo nayo inahitaji kuachwa.

Miaka ya karibuni vilima vya Rungwe, vilivyojulikana kwa chai na ndizi, vimejaa parachichi za aina ya Hass, na wakulima wanajifunza kazi mpya ya mikono: kubebesha miche. Kikonyo kinachongwa, shina linapasuliwa, vinaunganishwa kwa usawa, vinafungwa. Ni kazi ya kidole na jicho. Mara nyingi semina hupangwa ya siku moja kwa sababu nauli na chakula ni ghali, na katika siku hiyo mkulima hufundishwa kubebesha asubuhi, kupogoa baada ya chai, dawa na vipimo vyake kabla ya chakula, na viwango vya soko la nje alasiri. Jioni anatia saini karatasi ya mahudhurio. Kubebesha na kupogoa zote ni kazi za kisu na tawi, na zimefuatana. Afisa ugani anayemfundisha mkulima kubebesha, akamwacha abebeshe hadi jioni, akarudi kwa kupogoa wiki nyingine, atakuwa ametumia nauli mara mbili na amefundisha mara mbili. Yule wa siku moja ametumia nauli mara moja, na pengine hakuna funzo lililofika nyumbani.

Mababu wa nchi hii walikuwa na desturi ambayo nadhani inatufundisha zaidi ya tunavyoipa heshima. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe na mumewe Godfrey kati ya 1934 na 1938, aliandika juu ya vijiji vya rika: wavulana walipofika umri wa miaka 10 au 11 waliondoka katika nyumba za wazazi, wakajenga vibanda vyao na kulala pamoja, wakikua na kuzeeka kama jirani na rafiki. Kitabu chake cha mwaka 1951, *Good Company*, kimechukua jina lake kutoka kwa kile Wanyakyusa walichokiita ukwangala, raha ya kukaa na wenzako na kuzungumza. Kwao busara haikupatikana kwa kusikiliza tu. Ilipatikana katika mazungumzo hayo na wenzako. Mchana kijana alisikia kesi ikiamuliwa mbele ya wazee, au aliona shamba likipimwa. Usiku alikisimulia alichokisikia au kukiona, akabishiwa, akasahihishwa, akakisimulia tena.

Sitaki kuupamba wakati ule. Vijiji vile vilikuwa vya wanaume, na wasichana walikuwa na njia nyingine, ngumu zaidi. Lakini kitendo chenyewe, cha kukisimulia ulichokipata kabla ya kupokea kingine, kimepimwa na kimeonekana kina nguvu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu wakisome. Kundi moja lilikisoma tena, kundi lingine liliandika kile linachokikumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliokumbuka wenyewe walikuwa mbele, kwa umbali mkubwa. Anayesimulia hapokei kitu kipya cha kugombana na cha zamani. Anaipita njia ya kukifikia, na kila anapoipita inazidi kuwa wazi. Ubingwa wa 1986 nao umedumu kwa sababu hiyo pia. Umesimuliwa vijiweni miaka yote hii.

Naweza kuambiwa kwamba shule haina muda, kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani hausubiri. Najua. Najua pia kwamba si kila kipya ni adui wa cha zamani: mtoto anayejua kujumlisha vizuri hujifunza kuzidisha kwa urahisi, na mkulima aliyekulia kwenye chai ana jicho la mmea linalomsaidia kwenye parachichi. Kusahau kwenyewe kuna faida yake. Ukibadilisha namba ya siri ya simu, ni heri ile ya zamani iondoke njiani. Sitetei kujifunza kidogo. Natetea kile ambacho mtoto amekwisha kukielewa, na ambacho tunampora kwa haraka.

Hatua nyingi za kukilinda hazihitaji bajeti wala waraka kutoka wizarani. Mwalimu mkuu anaweza kukaa na ratiba yake akahakikisha Fizikia haifuatwi na Kemia, wala Historia haifuatwi na Uraia, bali Hisabati inafuatwa na michezo, na Kiingereza kinafuatwa na sayansi kimu. Mwalimu wa mzingo anaweza kusubiri wiki kabla ya kugusa eneo, kisha akayaleta yote mawili pamoja ili watoto wajifunze kuyatofautisha. Katika kipindi cha dakika 40, funzo jipya linaweza kukoma dakika ya 35, na dakika 5 zilizobaki watoto wakaambiana kile walichokipata, madaftari yakiwa yamefungwa. Kambi ya mtihani inaweza kuzima taa saa tatu usiku. Mzazi anaweza kumwacha mtoto atembee kutoka shule bila kumkimbiza tuisheni papo hapo, na jioni, badala ya kumuuliza leo amefundishwa nini kwa jumla, akamuuliza kwa jina la somo: asubuhi, katika Sayansi, mwalimu alisema nini juu ya udongo? Swali hilo ni kidokezo, na kidokezo hufungua.

Taifa letu limejenga madarasa mengi na kuwaleta watoto wengi ndani yake, na hiyo ni kazi ya heshima. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba wanachopewa humo kinakaa. Kila mara tunapomlaumu mtoto kwa kusahau kitu ambacho sisi wenyewe tulikifunika dakika moja baada ya kumfundisha, tunamfundisha funzo lingine ambalo halisahau kamwe: kwamba hana akili. Hilo ndilo funzo ambalo hatuna haki ya kulitoa, na linaweza kuzuiwa na mwalimu mmoja, katika darasa moja, kuanzia kipindi cha kesho asubuhi.